Kuifufua kompyuta ya mezani: mwongozo kamili wa kubadilisha vifaa vya ndani ukiwa nyumbani

Mashine iliyonifundisha sehemu kubwa ya haya ni Dell OptiPlex 7010 ya kasha dogo, iliyofika hapa Tabata ikiwa imeshatumika ofisini nchi za watu. Ina prosesa (ubongo wa mashine) ya Core i5-3470, ilikuwa na RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa, ya GB 4 na hadi diski, ghala la kuhifadhia data, ya GB 500. Dada yangu anaitumia kuchapa mitihani ya shule anayofundisha, na mwanawe ameanza kujifunza kuhariri video. Ilifika mahali ukiiwasha unakwenda jikoni kuinjika chai, unarudi na kikombe mkononi, bado kiduara kinazunguka. Kila aliyeiona alitoa ushauri uleule: uzeni, ongezeni hela, nunueni nyingine. Hatukuuza. Tulibadilisha vitu viwili tu, na dada anachapa mitihani yake hadi leo.

Dar es Salaam imejaa mashine za namna hiyo: OptiPlex, HP Compaq, EliteDesk, ThinkCentre. Zilitengenezwa zifanye kazi za ofisi kwa miaka mingi, makasha yake yanafunguka bila tabu, na vipuri bado vinapatikana Kariakoo. Kinachowapotezea watu fedha ni kununua kifaa kabla ya kujua ni wapi hasa mashine imekwama.

Ijue mashine kwanza

Iwashe, fungua kazi zako za kila siku, kurasa kadhaa za intaneti na nyaraka mbili tatu. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea Task Manager. Nenda sehemu ya Performance, utazame prosesa, RAM na diski kwa dakika kumi hivi huku unaendelea na kazi.

Ukiona diski imekaa kwenye asilimia 100 na prosesa iko 10 au 20, prosesa haina kosa. Imekaa inasubiri diski iiletee kazi. RAM ikipita asilimia 85 au 90, Windows inaanza kuazima nafasi kwenye diski, kwa hiyo diski iliyokuwa inasuasua inabebeshwa mzigo wa pili. Prosesa ikibaki juu muda mrefu, kwa mfano unapotoa video iliyohaririwa, hapo ndipo useme prosesa imezidiwa. Mashine nyingi kuukuu nilizozifungua zilikuwa na tatizo la kwanza, au la kwanza na la pili kwa pamoja.

Hapohapo kwenye Memory utaona sloti (matundu ya kuchomekea RAM) ngapi zimetumika na RAM inakwenda kwa kasi gani. Kisha pakua CPU-Z, ni programu ya bure: itakuambia aina ya RAM, jina la madabodi, ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, na jina kamili la prosesa. Andika kwenye karatasi, na piga picha lebo iliyobandikwa kwenye kasha. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

Jambo jingine la kukagua ni Windows yenyewe. Ikiwa ni ya biti 32, RAM yoyote utakayoongeza zaidi ya GB 4 haitatumika mpaka upige Windows upya ya biti 64. Na kuna hili, ambalo naomba ulijue kabla hujatoa shilingi: usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka TPM 2.0, yaani kijichipu cha usalama, na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. Kwa namba zenye tarakimu nne, kizazi unakisoma kwenye tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-3470 ni kizazi cha 3, i5-8500 ni cha 8. Kumuongezea mtu RAM kwenye kizazi cha 3 hakumfikishi Windows 11, na fundi anayekuambia vinginevyo bila kukufafanulia anakuweka gizani. Nyumbani kwetu tuliweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. LibreOffice, programu yake ya kuchapa, inafungua mitihani ya dada, ila majedwali wakati mwingine yanahama mpangilio, kwa hiyo siku hizi anahifadhi PDF kabla ya kupeleka steshenari kuprinti. Mtoto anahariri video kwa Kdenlive.

Kwa nini SSD iwe ya kwanza

Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, na mkono unaokimbia huku na huku kutafuta data. Ikisoma faili moja kubwa mfululizo inaweza kufikisha MB 100 hadi 150 kwa sekunde. Lakini kuwasha kompyuta ni kusoma maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika, na hapo mkono ule unachoka. SSD ni diski ya chipu tupu, haina mkono wala sahani. Hata ile ya kawaida ya SATA, inayochomekwa kwa kebo kama hadi diski, inasoma karibu MB 500 kwa sekunde, na faili ndogo inazipata papo hapo. Ndiyo maana ukiwa na fedha za kifaa kimoja tu, nunua hiki.

Kwa mashine ya kizazi cha 2 hadi cha 4, chukua SSD ya SATA ya inchi 2.5. Mashine za baadaye zinaweza kuwa na sloti ndogo ya M.2 kwenye madabodi, na hapo kuwa makini: M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe zinafanana kwa umbo, lakini sloti nyingine inakubali moja na kuikataa nyingine. Soma mwongozo wa mashine yako kwenye tovuti ya mtengenezaji. GB 240 zinatosha kwa anayechapa na kusoma. Anayehariri video aanzie 480, au abakize hadi diski ya zamani humohumo kwa ajili ya kuhifadhia.

Siku ya Kariakoo

Dukani sema jina la kitu kwa ukamilifu. Mjini hapa kasha lote tunaliita sipiyu, wakati sipiyu yenyewe ni kile kijiprosesa cha ndani, na nimeshuhudia mteja na muuzaji wakipishana robo saa kwa ajili ya neno hilo. Usiseme "naomba RAM ya GB 4." Sema: "Kaka, naomba RAM ya kompyuta ya mezani, DDR3, GB 4, PC3-12800, mbili zinazofanana." Namba hiyo ya mwisho ni sawa na DDR3 ya 1600. RAM ya laptopu ni fupi, haiingii. DDR3 na DDR4 ni vizazi viwili vya RAM: DDR3 ina pini 240 na inatumia volti 1.5, DDR4 ina pini 288 na volti 1.2, na pengo lake la katikati limekaa mahali pengine. Haziingiliani hata kwa nguvu, na atakayetumia nguvu atapasua sloti.

RAM iliyotumika haina ubaya kama ni nzima, maana ni kifaa kinachodumu. SSD iliyotumika mimi sinunui, kwa sababu uwezo wake wa kuandikwa unapungua kadiri inavyofanya kazi. Na ukionyeshwa SSD ya TB 2 kwa bei ya GB 240, irudishe juu ya meza. Ziko zilizochezewa zidanganye ukubwa: zinaonyesha TB 2, lakini data ikishajaa kile kidogo kilichomo kweli, kinachofuata kinapotea kimyakimya. Programu ya H2testw inaijaza diski yote kisha inaisoma tena kuhakiki. Iendeshe kabla hujaweka kitu cha maana.

Dai risiti ya EFD. Kwa kifaa kilichotumika, omba siku za majaribio ziandikwe juu ya risiti pamoja na namba ya kifaa. Niliwahi kununua RAM iliyowaka vizuri dukani, ikafika nyumbani ikawa inagandisha mashine kila baada ya nusu saa. Nilikuwa na ahadi ya mdomo tu. Nililala na hasara ile, na tangu siku hiyo siondoki bila maandishi.

Umeme wako nao uukague

Mambo mawili yanayohusu umeme huwa hayaandikwi kwenye miongozo ya wenzetu, na hapa kwetu ndiyo yanayochoma mashine.

La kwanza, tazama nyuma ya kasha, karibu na tundu la waya. Pawa saplai (sanduku la kugawa umeme ndani ya kasha) nyingine za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115, na umeme wa Tanzania ni volti 230. Ukiichomeka hivyo, inapasuka hapohapo. Isogeze swichi kwenda 230 wakati waya umechomolewa.

La pili, je, kasha linakutekenya ukiligusa kwa mkono mkavu au kwa mguu peku? Wengi wameshazoea, wanaona ndiyo tabia ya kompyuta. Ni dalili kwamba waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, haujafika. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita za kuchuja umeme zilizounganishwa na bati la kasha. Ethi ikikosekana, bati linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani, ingawa mkondo wake ni mdogo sana. Umeme huo unaweza kuua mlango wa HDMI au USB siku unapochomeka kebo. Angalia kama ekstensheni yako ina pini ya tatu iliyo hai au ni ya plastiki tupu, na mwite fundi umeme apime soketi.

Kufungua

Nakili kwanza kila kitu unachokithamini kwenye diski ya nje. Usifungue kasha kabla ya hapo, hata kama unakwenda kubadilisha RAM peke yake.

Zima mashine kwa utaratibu, chomoa waya wa umeme na kebo zote, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Weka kasha juu ya meza ya mbao, mbali na zulia. Andaa bisibisi ya nyota, kibakuli cha skrubu, brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, na simu ya kupigia picha. Gusa bati la kasha kwa kiganja kabla ya kushika kifaa chochote, na rudia kila unapotoka na kurejea. Hewa yetu ina unyevu na umeme tuli haujikusanyi kama kwenye nchi kavu, lakini chumba chenye kiyoyozi hukauka, na kugusa bati hakugharimu kitu.

Makasha ya ofisini yana kishikizo cha kuvuta, kifuniko kinatoka bila skrubu. Ukishafungua, piga picha kila kona kabla hujachomoa waya hata mmoja. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe. Kapasita zake zinaweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa.

Toa vumbi. Ifanyie kazi hiyo barazani, jifunge kitambaa puani. Feni izuie kwa kidole unapoipuliza kwa bloa, isizunguke kwa kasi isiyo yake. Wanaokaa karibu na bahari, Msasani, Kunduchi, Kigamboni, watakuta kutu nyepesi kwenye skrubu na miguso imefifia. Hewa ya chumvi ndiyo inayofanya hivyo. Miguso ya RAM isugue taratibu kwa raba ya kufutia penseli, ukungute chembe zote, umalizie kwa kitambaa kikavu. Kompyuta nyingi zilizosemekana zimekufa zilipona kwa raba hiyo.

RAM na SSD, hatua kwa hatua

Sukuma vishikizo vya pembeni ya RAM ya zamani, itajiinua. Linganisha pengo la RAM mpya na kijiti kilichomo ndani ya sloti, iweke wima, kandamiza ncha zote mbili kwa dole gumba mpaka usikie "tak" ya kishikizo kujifunga. Mbili zinazofanana zitie kwenye sloti zenye rangi moja, ndipo zinapofanya kazi kwa pamoja na kuongeza kasi. Sisi tulitia mbili za GB 4, tukapata GB 8. Rudisha waya wa umeme na skrini tu, washa uone kama GB zimeongezeka, zima tena. Kubadilisha kitu kimoja kisha kujaribu ni desturi nzuri: likitokea kosa unajua limetoka wapi.

Hadi diski ina kebo mbili, nyembamba ya data na pana ya umeme. Kama unaitoa kabisa, zihamishie kwenye SSD. Kama unazitaka zote mbili, utahitaji kebo ya pili ya data na kichwa cha umeme kilicho wazi. Ukikosa, azima cha DVD. Epuka vigeuzi vya bei ya chini vinavyobadilisha kichwa cha kizamani cha Molex kuwa cha SATA, hasa vile ambavyo nyaya zake zimemiminiwa plastiki kichwani. Hupata shoti ndani kwa ndani na kuungua. Data ichomeke kwenye mlango ulioandikwa SATA 0, kwa sababu kwenye madabodi za enzi hizo si milango yote yenye kasi ya Gb 6. SSD ifunge kwenye trei ya kubadilishia ukubwa. Ikikosekana, tepe imara ya pande mbili inatosha, kwani haina kinachotikisika ndani.

Sasa mfumo. Unaweza kuhamisha kila kitu kama kilivyo kwa programu ya Clonezilla, mradi SSD isiwe ndogo kuliko diski unayonakili, hata kama data zenyewe ni chache. Mimi napenda kuanza upya: tengeneza flashi ya kusakinishia mfumo, ya GB 8 au zaidi, kwa programu ya Rufus kwenye kompyuta nyingine, ichomeke, washa huku unagonga F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, uchague flashi. Ukipiga upya, chomoa kwanza kebo ya hadi diski ya zamani, usije ukachagua diski isiyo yake na kufuta kumbukumbu za familia.

Ukihamisha badala ya kuanza upya, ingia kwanza BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, uangalie mpangilio wa SATA umeandikwa AHCI au RAID, na usiuguse. Ukibadilika, Windows haitawaka.

Ukiwa umo humo ndani, badilisha na betri ya saa, CR2032, ile ya duara kama sarafu. Ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka, na tovuti zinaanza kukataa kufunguka zikidai si salama, mtu anadhani intaneti ina kasoro. Inaweza pia kufuta mipangilio ya BIOS, pamoja na huo wa SATA.

Prosesa, kadi ya grafiki na pawa saplai

Kwa mashine yetu prosesa ya kupandia ni i7-3770. Ina viini vinne kama i5-3470, lakini inaendesha nyuzi nane badala ya nne, na zote ni za wati 77. Dada hataona tofauti akichapa. Mwanawe ataiona anapotoa video. Soketi ni LGA1155, inayochukua kizazi cha 2 na cha 3 tu, na madabodi iliyotoka na kizazi cha 2 inaweza kudai BIOS isasishwe kwanza. Legeza skrubu za kipoza joto kwa mtindo wa msalaba, futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka kwa spiriti, inua kishikio, toa prosesa wima. Pini ziko kwenye soketi, laini kama nywele; kidole kikizigusa zinapinda, na madabodi imekwenda. Laza prosesa mpya bila kusukuma, funga, weka pesti kama punje ya choroko katikati, rudisha kipoza joto na kumbuka kuchomeka feni yake.

Kadi ya grafiki kwenye kasha dogo lazima iwe ya nusu kimo. Pawa saplai ya mashine yetu ni ya wati 240 na haina waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo sivuki GeForce GT 1030, inayokula wati 30. Itafute yenye kumbukumbu ya GDDR5. Kuna ya DDR4 yenye jina hilohilo ambayo ni dhaifu mno. Kumbuka haina mlango wa VGA, na skrini nyingi kuukuu zina VGA peke yake. Kebo ya skrini chomeka kwenye kadi, sio tena kwenye madabodi.

Pawa saplai usinunue kwa kutazama wati pekee. OptiPlex 9020 inatumia kichwa cha pini 8 kwenda madabodi, EliteDesk 800 G1 cha pini 6, na ya kawaida ina 24. Hesabu pini, pima urefu wa kasha, ndipo utoke nyumbani.

Ikigoma kuwaka

Usiwe na haraka ya kumlaumu muuzaji. Feni ikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, mara tisa kati ya kumi kwenye uzoefu wangu ni RAM haijakaa. Itoe, irudishe, jaribu moja moja kwenye kila sloti. Taa ya kitufe ikimetameta rangi ya chungwa au ikilia milio, hesabu mimeto na milio. Mwongozo wa mashine unaeleza maana ya kila hesabu. Ikisema haioni diski, kandamiza kebo za data ncha zote mbili. Ikiwaka vizuri lakini ikaganda baadaye, endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi usiku kucha kama uniti za LUKU zinaruhusu. Kosa moja tu jekundu linatosha kuirudisha RAM dukani, wakati siku za majaribio bado zipo.

Umeme ukikatika, chomoa waya, usirudishe mpaka utulie dakika kadhaa, maana mara nyingi ni ule wa kurudi unaodhuru. UPS (betri ya dharura) ndogo inampa dada muda wa kuhifadhi mtihani na kuzima kwa utaratibu. Na hadi diski uliyoitoa itie kwenye kijikasha cha USB, iwe ya akiba. Ukiamua kuiuza, kufuta faili na kumwaga kapu la taka hakutoshi, kwa sababu programu za bure zinazirudisha. Andika sifuri diski nzima kwanza. Hiyo yetu ilikuwa na mitihani ya miaka minne na majibu yake.